Safari isiwe sababu

Vijana wenzetu, tuambiane ukweli. Tukiwa hapa Kakuma tunaamka saa kumi na moja, kabla jua halijawaka, tunakimbia mpaka kwenye laga na kurudi. Lakini mtu akiitwa semina ya wiki moja Lodwar, raba zinabaki chini ya kitanda. Akirudi anasema kazi ilimbana. Kazi gani hiyo inakunyima dakika 20?

Hatusemi ukimbie kilomita 15 ugenini. Siku ya safari pumzika. Kesho yake kimbia dakika 20 pole pole, ile mbio ndefu ikungoje nyumbani. Na ukirudi usilipe deni lote siku moja, utaumia.

Na nyinyi wa mashirika, hili ni lenu pia. Mnatupangia vikao toka asubuhi mpaka usiku, halafu mnasema vijana wa kambi hawana nidhamu. Nyinyi mkikimbia alfajiri mnasalimiwa. Sisi tunaulizwa kibali, ndiyo maana tunakimbia nacho kwenye soksi. Kikao kianze saa tatu, na mtupe barua ya kuonyesha njiani. Ni kazi kubwa hiyo?

Mwaka 2016 wakimbiaji watano waliotoka kambi hii walifika Olimpiki ya Rio wakiwa timu ya wakimbizi. Mazoezi waliyafanya Ngong, mbali na watu wao.

Tulipokimbia vita hatukuwa na ratiba. Hii ya sasa tumeipanga wenyewe. Tusiitupe kwa sababu ya semina.