Kivu yenye madini, mbuzi wasio na chumvi

Kivu inajulikana duniani kote juu ya madini yake: dhahabu, kasiterite, koltani. Lakini kuna madini mengine ambayo hakuna anayeyapigania, na ambayo yanakosekana katika zizi la mkulima: chumvi, kalsiamu, fosfori, ayodini. Mbuzi mwenye mimba akiyakosa, familia nzima inalipa.

Huko Walungu, Kabare ao Kalehe, mbuzi ndiye benki ya mkulima. Anauzwa wakati mtoto amefukuzwa shule kwa kukosa minervali, ao mama amezuiliwa hospitalini baada ya kujifungua. Ndiyo sababu ONG zinagawa mbuzi jike kwa wajane na kwa waliorudi kutoka ukimbizini, mara nyingi kwa sharti moja: mzaliwa wa kwanza atapewa jirani. Mwana-mbuzi huyo akizaliwa mfu, ao dhaifu hata asiweze kusimama na kunyonya, deni linabaki. Jirani anasema amedanganywa, mwingine anataja uchawi. Ugomvi unaingia pale ambapo msaada ulipaswa kuleta umoja.

Kabla ya kumtafuta mchawi, inafaa kuangalia kile mbuzi anachokula. Mimba yake inachukua siku 150 hivi, na sehemu kubwa ya uzito wa mtoto inaongezeka katika miezi miwili ya mwisho. Wakati huo mifupa ya mtoto inajengwa kwa kalsiamu na fosfori ya mama yake. Mbuzi anayetembea huchagua majani; aliyefungwa kamba kando ya barabara hula yaleyale kila siku.

Ayodini nayo ina historia hapa kwetu. Katika miaka ya 1960, watafiti waliona rovu, ule uvimbe wa shingo, kwa wakaaji wengi wa kisiwa cha Idjwi. Ayodini ilikuwa chache kisiwani kote, lakini kaskazini hali ilikuwa mbaya zaidi, na muhogo ulionekana kuwa sehemu ya sababu, kwa kuwa sumu yake inauzuia mwili kuitumia ayodini. Mbuzi anakula majani ya udongo huohuo, na mara nyingi anatupiwa maganda ya muhogo. Akikosa ayodini, anaweza kuzaa watoto wenye shingo iliyovimba, wasio na manyoya ya kutosha, ao waliokwisha kufa.

Wengine watasema: watu wenyewe wanahesabu chumvi, mbuzi atapewa ya nini? Hesabu ni hii. Kijiko kidogo cha chai, gramu 5 hivi kwa siku, kwa siku 60, ni gramu 300. Haifiki nusu kilo, na haikaribii bei ya mwana-mbuzi. Iwe chumvi ya jikoni yenye ayodini. Ile ya mawe inayotoka Katwe, Uganda, ina utamu wake lakini haipiti kiwandani kutiwa ayodini. Ichanganywe na pumba, na maji yawe karibu. Mifupa ikichomwa mpaka iwe meupe, kisha ikatwangwa, inatoa kalsiamu na fosfori. Seleniamu ni jambo lingine: dozi ikizidi inaua, kwa hiyo sindano za sokoni zisiguswe bila veterinere.

Ni kweli, chumvi haifukuzi minyoo, haichukui nafasi ya chanjo, wala haimzuii mwenye silaha kupora zizi. Lakini mkulima hana uwezo juu ya mwenye silaha. Juu ya kijiko cha chumvi anao.

Kwa hiyo mradi unaogawa mbuzi bila chumvi na bila veterinere wa kupita kabla ya kuzaa umefanya nusu ya kazi, hata kama picha za siku ya ugawaji ni nzuri. Na pale mwana-mbuzi anapokufa kwa kukosa madini ambayo mama yake hakupewa, si haki mjane aandikwe mwenye deni.