Jogoo awika, kiota kitupu

Muuza dawa za miti katika soko la Mweso ana chupa ya bia ya Primus iliyojaa mizizi na maji yenye rangi ya chai. "Kunywa, baba, jogoo awike." Bwana aliyenitangulia alilipa bila kubishania bei. Wala jogoo wake hana shida, alinieleza mwenyewe huku akicheka. Ana miaka sita ya ndoa, hana mtoto, na wazee wameshaanza kumtafutia mke wa pili.

Huo ndio uongo unaovunja nyumba huku Masisi: kwamba mwanaume mwenye nguvu kitandani hawezi kuwa mgumba. Basi mtoto akikosekana, mama ndiye mwenye kosa. Anarudishwa kwao, mahari yanadaiwa.

Nguvu na mbegu ni kazi mbili. Tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya haragwe, humwaga homoni mbili kwenye damu. Moja huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, yenye kuleta hamu na ndevu. Ya pili huziamsha seli zinazolea mbegu, na mbegu huchukua siku 70 hivi kutengenezwa. Kisonono kisipotibiwa kinaweza kuziba mirija. Matumbwitumbwi yakimpata mtu ukubwani yanaweza kuharibu korodani. Hamu ikabaki palepale, manii yakatoka kama kawaida, na ndani yake pasiwe na mbegu hata moja.

Wajanja wa mjini wanaokimbilia sindano za testosteroni ndio wanaonichekesha zaidi. Ubongo ukikuta homoni hiyo imejaa kwenye damu, huacha kutuma amri, na kiwanda cha mbegu kinalala. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya jaribio la miligramu 200 kila wiki: wengi waliodungwa waliishiwa mbegu kabisa. Lilikuwa jaribio la uzazi wa mpango!

Kama mbegu zipo au hazipo, hujulikana kwa kupima: hadubini ileile inayosaka malaria kwenye tone la damu huonyesha mbegu zikiogelea. Mwanaume anatakiwa ajizuie siku mbili hadi saba, atoe manii kwenye kikopo safi, kifike maabara kabla ya saa moja kupita. Kipimo hiki hakichomi, hakikati.

Nilimuuliza yule bwana kama ameshapima. "Mama amepimwa mara tatu," akajibu, akaifunga chupa yake kwa kipande cha nailoni.