Maandishi manene yanapiga kelele, lakini hayaseme nani anaongea

Foto inaingia katika grupe ya WhatsApp. Juu yake kuna maandishi makubwa meupe, yamezungushiwa rangi nyeusi: KIMBIENI, ao USINYWE, ao WANAKUJA. Haina tarehe, haina jina la mwenye kuandika. Kisha dakika chache imekwisha kutumwa katika grupe zingine. Wakaaji wengi wa Kivu na Ituri wamezoea jambo hilo. Lakini juu ya nini maandishi ya namna ile yanaaminiwa haraka vile?

Aina ya maandishi inayotumiwa sana kwa foto kama hizo inaitwa Impact. Ilichorwa na Mwingereza Geoffrey Lee, mtu wa kazi ya matangazo, na kampuni ya Stephenson Blake ya muji wa Sheffield ikaitoa mwaka 1965. Wakati ule herufi zilikuwa vipande vya chuma, vinapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Lee alitafuta namna ya kuweka wino mwingi iwezekanavyo katika nafasi ndogo. Ndiyo maana Impact iko vile iko: mistari minene, herufi nyembamba zenye kubanana, herufi ndogo karibu zilingane na kubwa kwa urefu, na hakuna vimiguu kwenye ncha. Matundu ndani ya a, e na o yamebaki kama nyufa tu.

Maandishi hayo hayakufanywa kwa kitabu ao barua. Yalifanywa kwa kichwa cha tangazo, neno mbili tatu zenye kumshika mtu anayepita. Mwaka 1996 Microsoft iliyatoa bure pamoja na aina zingine kwa ajili ya intaneti, na yakakaa pia ndani ya Windows. Kwa hiyo wenye ordinatere wengi waliyapata bila kulipa hata franga moja. Watu wa kutengeneza foto za kuchekesha wakayachagua, kwa sababu meupe yenye ukingo mweusi yanasomeka juu ya foto yoyote, iwe ya giza ao ya mwangaza.

Kwetu maandishi manene ya namna hiyo yana faida ya kweli. Maneno ya Kiswahili ni marefu: HATUKOPESHI, TUNAWAKARIBISHA. Herufi nyembamba na nene inaingiza neno lote kwenye ubao mdogo wa duka, na mtu aliye juu ya moto analisoma bila kusimama. Alama ya hatari kando ya barabara ao bango la kolera vinahitaji nguvu ile ile.

Shida inaanza pale sauti kubwa inachukuliwa kuwa ushuhuda. Macho yamezoea kuona maandishi manene kwenye mambo ya lazima: hatari, kura, bei, kifo. Kwa hiyo mtu akiyaona, moyo unaruka mbele ya akili. Mwenye kutunga uongo anajua hilo. Hahitaji muhuri, sahihi wala nambari ya barua. Anahitaji foto ya zamani, maneno matatu na dakika mbili.

Bei ya uongo tunaijua. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020, watu zaidi ya 2 200 walikufa. Uvumi ulipita midomoni na kwenye simu, ya kwamba ugonjwa haupo, ya kwamba ni biashara ao siasa. Wengine walichelewa kwenda kwenye matunzo, na wauguzi walishambuliwa. Katika mambo ya vita ni vilevile: jamaa inayokimbia usiku kwa ajili ya foto ya uongo inaacha shamba, mbuzi na wazee, na inaweza kuingia barabara mbaya kuliko pale ilipokuwa.

Wanaotoa habari za kweli pia wana kazi. Maandishi manene yakijaza ukurasa mzima, hakuna anayesoma mpaka mwisho, kwa sababu herufi zote zinapiga kelele pamoja. Tena, karatasi ikifotokopiwa mara nyingi ao foto ikitumwa tena na tena, nyufa zile zinaziba. 6, 8 na 3 zinaanza kufanana. Kwa kipimo cha dawa ya maji ao nambari ya simu ya kuita msaada, hilo si jambo dogo. Afadhali kichwa kiwe kinene, na maelezo yafuate katika maandishi mepesi yenye nafasi.

Kwa msomaji, maulizo ni manne. Nani ameandika? Tarehe gani? Foto ni ya wapi? Nani mwingine anasema vilevile: redio, chifu wa kijiji, kituo cha afya? Hata barua yenye muhuri inaweza kuigwa, kwa hiyo maulizo hayo yanafaa kwa kila karatasi. Kama hakuna jibu hata moja, ukubwa wa herufi hauongezi kitu. Foto hiyo ibaki katika simu ya aliyeipokea, isiende kwa mwingine.