Dhahabu Yetu Inaturudia Kama Takataka



Ziko dhuluma zinazopigiwa kelele, na ziko dhuluma zilizozoeleka mpaka watu wakaziita maisha. Mojawapo ya hizo za pili ni hii: katika vijiji vyetu vya machimbo, mnyonge anauziwa waya wa chaja unaokatika kabla ya mwezi kwisha, simu ambayo betri yake imegandishwa kwa gundi, na kompyuta kuukuu iliyokwisha kukataliwa ng'ambo. Kisha anaambiwa ashukuru, kwa kuwa maendeleo yamemfikia. Sisi tunasema kwamba huo ni unyang'anyi, na kwa watu wa Nyarugusu ni unyang'anyi wa mara mbili.

Kwa nini mara mbili? Ndani ya simu na kompyuta mna dhahabu. Hupakwa katika viungio na bamba la saketi, kwa sababu hupitisha umeme vizuri na haishiki kutu. Katika simu moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu, lakini simu ni mamilioni kwa mamilioni. Dhahabu ikishayeyushwa haina kabila. Hakuna awezaye kusema gramu hii ni ya Nyarugusu na ile ni ya kwingine. Ila sisi twajua inavyopatikana. Mawe hutolewa katika maduara na kusagwa katika makarasha. Mchanga wake huoshwa na kuchanganywa na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu. Kisha mchanganyiko huchomwa hadi zebaki igeuke mvuke. Mvuke huo huingia mapafuni mwa mchomaji na mwa mtoto aliye karibu, ukadhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, Geita ikiwamo. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Hata hivyo zebaki ingali mikononi mwa wachimbaji.

Kitu kilichopatikana kwa gharama hiyo kilistahili kudumu. Lakini tazameni waya wa chaja. Aliyeutengeneza amepunguza nyuzi za shaba, akafanya ganda kuwa jembamba, na pale shingoni, ambapo waya hupindwa kila siku, hakuweka kinga yoyote. Anajua utakatikia hapo. Kukatika kwake si ajali, ni biashara.

Wapo watakaosema: "Vitu hafifu ndivyo maskini anavyovimudu, mkivizuia mtamnyima simu." Hoja hii ina sura ya huruma, lakini tuipigie hesabu. Tuseme waya hafifu ni shilingi 2,000 na hukatika kila mwezi: kwa mwaka ni shilingi 24,000. Waya imara wa shilingi 8,000 ukidumu mwaka mzima, ni nani aliyehurumiwa? Maskini hulipa mara tatu, na mkononi hubaki na takataka.

Na sheria inapoamka, humwangukia nani? Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini. Nia ilikuwa njema. Lakini simu ilizimwa mkononi mwa mnunuzi, aliyekwisha kutoa fedha zake, si bandarini ilikopitia.

Wenzetu wameonyesha kwamba inawezekana. Tangu Desemba 2024, simu mpya zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya hutakiwa kutumia tundu la chaja la aina moja. Mwaka huohuo Umoja huo ulipitisha sheria ya haki ya mnunuzi kutengenezewa kifaa chake. Medali za Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa katika vifaa vilivyokwisha kutumika, zikiwamo simu zaidi ya milioni 6. Humo zilipatikana takriban kilo 32 za dhahabu, bila mtu kuingia duarani. Lakini kwa mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulikadiria taka za namna hii duniani kuwa tani milioni 62, na chini ya robo yake ndizo zilizokusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nyingine hutupwa mashimoni au huchomwa, na moshi wake huvutwa na yuleyule aliyevuta zebaki.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani wazuie vifaa hafifu mpakani na bandarini, kabla havijamfikia mnunuzi. Pili, muuzaji atoe risiti na dhamana ya maandishi, na vipuri vipatikane ili fundi simu wa kijijini aweze kufanya kazi yake. Tatu, Kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki zishuke kutoka makabatini hadi vijijini, pawepo mahali pa kupokelea simu na betri mbovu.

Mchimbaji haombi sadaka. Anadai kwamba kile alichokitoa ardhini kwa afya yake kisirudishwe kwake kama uchafu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Katika kaya zetu tumenunua chaja ngapi mwaka huu, na tumetumia fedha kiasi gani?
2. Simu na betri mbovu za kijiji chetu hutupwa wapi?
3. Ni nani tutakayemwendea, kwa pamoja na kwa maandishi, kudai haki hii?