Kutoka Melini Asubui, Kupanda Ndege Magaribi



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa Likasi, mjane wa mfanyakazi wa mgodi. Binti yake anakaa Bruxelles, anafanya kazi ya kuuguza wagonjwa. Hawajaonana miaka tisa. Binti ametia feza kidogo kidogo mpaka akapata za kumtembeza mama yake katika meli kubwa, siku saba juu ya bahari ya Mediterania. Wanapanda Barcelona, katika inchi ya Espania, na wanarudi kushukia palepale. Viza imetoka, tiketi imelipwa. Lakini siku ya mwisho inamnyima mama usingizi. Tumsikilize mwenyewe:

“Binti anasema: Mama, bato itatushusha asubui, ndeke yako ni ya magaribi. Tutazunguka muji na mutu wa kutuonyesha. Lakini mie niko na woga. Valizi itabakia wapi? Na kama ndeke inaniacha? Na mie mwenye kuvaa kikwembe, batanicheka? Njo maana nawaza: afazali niikale tu ku kiwanja cha ndeke, nifunge mikono, mpaka saa yangu ifike.”

Mama, woga wako si ujinga. Ni watu wengi sana wameachwa na ndege kwa sababu ya kutembea-tembea siku ya mwisho. Lakini usikate shauri mbio. Tuangalie kwanza mambo yanakwendaje, ndipo utachagua.

Hesabu saa kwa kurudi nyuma

Usianze kuhesabu tangu saa ya kushuka. Anza na saa ya ndege, kisha rudi nyuma. Tuseme ndege yako inaruka saa 20.00. Ufike kiwanjani saa 17.00, ni kusema saa tatu mbele. Kutoka katikati ya mji mpaka kiwanja ni kilometre 12 hivi, taksi inafika kwa nusu saa kama njia ni nzuri. Lakini siku nyingine njia inajaa magari. Basi weka saa moja nzima. Kwa hiyo saa 16.00 mmekwisha kuondoka mjini. Meli inafika mapema, na watu wanashuka kati ya saa 7.30 na saa 9.00. Basi mna saa saba au nane mikononi. Ni nyingi.

Lakini kama ndege ingekuwa ya saa 13.00, tungekuambia bila kuzunguka: nenda kiwanjani moja kwa moja, mji utauona siku nyingine. Mwenye kukimbia na saa mkononi haoni kitu.

Jambo lingine: kiwanja cha Barcelona kina nyumba mbili za abiria, T1 na T2, na ziko mbali moja na nyingine, kama kilometre nne. Bisi ya bure inapita kati yao, lakini inakula wakati. Soma tiketi yako vizuri, na binti asome yake. Inawezekana mkaachana si mlango mmoja.

Valizi zinakwenda wapi?

Usiku wa mwisho, wafanyakazi wa meli wanagawa vikaratasi vya rangi au vya namba. Unafunga kimoja kwa kila valizi, na unaiacha inje ya mlango wa chumba chako mbele ya usiku wa manane. Wao wanazibeba, na asubui unazikuta chini, katika nyumba kubwa ya bandari, zimepangwa kwa rangi. Angalia sana hapa: watu wengine wamefungia paspoti ndani ya valizi, au dawa ya presha, au hata viatu, wakaamka asubui hawana kitu cha kuvaa! Mfuko mdogo unabaki nawe: paspoti, dawa, feza, telefone, nguo ya asubui.

Mkichukua matembezi yanayouzwa na meli yenyewe, ile yenye kumalizikia kiwanjani, valizi zinaingia katika tumbo la bisi na zinabaki humo mpaka mwisho. Bei yake ni ya juu, lakini kichwa kinapumzika. Mkichukua kiongozi wenu wenyewe na gari ndogo, bei inaweza kushuka mkiwa watu wanne au watano. Njia ya tatu ni kuacha mizigo mahali pa kulipia mjini na kutembea kwa miguu. Hii ni ya vijana wenye magoti mazima.

Mbele ya kulipa, binti aulize maulizo matatu. Mizigo inakaa wapi, na nani anaiangalia? Tunamalizikia wapi, T1 au T2? Tiketi za kuingia mahali tunapokwenda zimekwisha kulipwa? Mtu asiyejibu haya wazi, msimpe feza.

Juu ya makaratasi

Hapa vijana nao wasikie. Kushuka katika meli na kuingia mjini ni kuingia inchi. Meli ikipita Tunis au Tanger, imetoka inje ya inchi za Schengen, na kurudi Barcelona ni kuingia mara ya pili. Basi mama, fungua paspoti uangalie viza yako mahali palipoandikwa hesabu ya kuingia: kama ni 01, ile safari itakuletea shida, inafaa kuwe 02 au MULT. Angalia tena hesabu ya siku, zisiishe mbele ya ndege. Sisi Wakongomani, hata kwa kubadili ndege tu katika viwanja vya Ulaya, bila kutoka inje, tunaombwa viza ya kupita. Wengi wamerudishwa kwa kutojua neno hili. Na tangu mwezi wa 10 mwaka 2025, mipaka ya Schengen imeanza kuandika wageni kwa picha na alama za vidole ndani ya mashine. Ni sababu nyingine ya kufika mapema, kwa maana hata kwa kutoka utapanga mustari.

Mtaona nini?

Mama, usikubali mtu akupeleke mahali kumi. Mawili yanatosha, au matatu.

La kwanza, mlima wa Montjuïc, karibu kabisa na bandari. Gari inapanda mpaka juu, hautembei sana. Kutoka pale unaona mji wote, na chini utaona ile meli yenu, imekuwa ndogo kama sanduku la viberiti. Watu wa migodi watapenda mlima huu, kwa sababu ni mlima uliochimbwa. Miaka na miaka walitoa humo mawe ya kujenga Barcelona. Shimo moja walilolimaliza, waligeuza teatro ya inje kwa maonyesho makubwa ya mwaka 1929, na mpaka leo watu wanakaa mule kusikiliza miziki. Sisi wenye mashimo mengi tuwaze neno hili. Palepale juu kuna stade ya michezo ya Olimpiki ya mwaka 1992.

Mkishuka, mtapita karibu na nguzo ya Christophe Colomb, metre 60, iliyosimamishwa kwa maonyesho ya mwaka 1888. Alipotoka Amerika mara ya kwanza, alikuja kumwona mfalme na malkia hapa Barcelona, mwaka 1493. Miaka kumi hivi mbele ya hapo, Diogo Cão, Mreno, alikuwa amekwisha kufika mdomo wa mto wetu wa Kongo. Kiongozi pengine hatasema hivyo. Mumwambie ninyi.

Kutoka pale njia kubwa ya Rambla inapanda kuingia mjini. Ni nzuri, lakini wezi wa mifuko wanaijua sana. Paspoti ikae ndani ya nguo, si katika mfuko wa nyuma. Mtu akikuambia una uchafu begani, na anataka kukupangusa, sema asante na uendelee.

La pili, na hili msiliache, ni kanisa la Sagrada Família, ni kusema Jamaa Takatifu. Jiwe la kwanza liliwekwa siku ya Yosefu Mtakatifu, tarehe 19 mwezi wa 3, mwaka 1882. Mwaka uliofuata kazi ikapewa Antoni Gaudí, kijana wa miaka 31. Aliifanya mpaka kufa. Mawe ya kwanza yalitoka katika ule mlima wa Montjuïc mliotoka kuuona. Tangu mwanzo kanisa lilijengwa kwa sadaka za watu, na siku hizi feza nyingi zinatoka kwa tiketi za wageni. Papa Benedikto XVI aliliweka wakfu tarehe 7 mwezi wa 11, mwaka 2010, ujenzi haujaisha. Mwaka 2025, mwezi wa 10, mnara wake wa katikati, mnara wa Yesu Kristo, ukapita urefu wa kanisa la Ulm la Ujerumani, na hivi Sagrada Família ikawa kanisa refu kuliko yote duniani. Mnara ulipangwa kufika metre 172,5: unaipita hata ile shemine yetu ya Lubumbashi! Lakini Gaudí hakutaka upite mlima wa Montjuïc. Alisema kazi ya mtu isipite kazi ya Mungu.

Ndani, nguzo zinapanda na kutoa matawi kama miti ya pori. Vioo vya upande wa mashariki ni buluu na kijani. Vya upande wa magaribi ni vyekundu na rangi ya machungwa. Mkiweza, mpange kuingia kisha saa sita ya muchana, wakati jua linaanza kuelekea magaribi na rangi ya moto inamwagika chini. Tiketi inaandikwa saa ya kuingia na inanunuliwa mbele, siku nyingi zinaisha. Na valizi hawazikubali ndani.

Sasa juu ya kikwembe

Mama, uliuliza kama watakucheka. Kwanza, ile kanisa inaomba watu wafunike mabega na wasivae nguo fupi mno. Wageni wengi wanasumbuka mlangoni. Wewe na libaya na kikwembe chako utapita bila neno.

Pili, kiongozi akisha kuwafikisha, muulize juu ya kifo cha Gaudí. Siku ya tarehe 7 mwezi wa 6, mwaka 1926, mzee alikuwa anatembea kwa miguu mjini, na tramu ikamgonga. Alikuwa amevaa nguo zilizochakaa, bila karatasi mfukoni. Watu walizani ni mwombaji tu. Madereva wa taksi walikataa kumbeba. Wakamfikisha kwa kuchelewa katika hospitali ya maskini, na kesho yake ndipo walipomtambua. Alikufa tarehe 10, na miaka 73. Mji wote ukamzika kwa machozi, ndani ya kaburi la chini ya ile kanisa. Mwaka 2025 Papa Fransisko alimtaja Mheshimiwa, ni hatua moja katika njia ya utakatifu. Basi, mji uliokosa kumjua mtu wake mkubwa kwa sababu ya nguo, hautakuwa na nguvu ya kukucheka wewe.

Neno moja la heshima. Wenyeji wa Barcelona wamechoka na wingi wa wageni. Mwaka 2024, mwezi wa 7, wengine walitembea njiani na kuwamwagia wageni maji kwa bunduki za kuchezea. Mwaka 2025 mji na bandari vilipatana kupunguza nyumba za meli za watalii, kutoka saba mpaka tano, kufika mwaka 2030. Si kwamba wanawachukia watu; nyumba zimekuwa za bei kali, na njia zimejaa. Basi mpite kwa upole, msalimie, msizibe mlango wa mtu kwa kupiga picha.

Neno letu kwako, mama

Umetuuliza kama ni afazali kukaa kiwanjani. Sisi tunasema hapana, na sababu si kanisa wala mlima. Tulisoma barua yako mara mbili. Umeandika juu ya ndeke, juu ya valizi, juu ya kikwembe. Haukuandika kwamba ile magaribi utaachana na mtoto wako, na haujui mtaonana tena lini. Tunazani ule ndio woga wenyewe. Mtu mwenye woga kama ule anataka kufika haraka mahali pa kuachana, yaishe.

Usifanye hivyo. Miaka tisa mtoto wako ametembea mbele ya watu bila mama. Leo anataka kutembea na wewe mjini, wote wamwone. Mpe zile saa saba. Hesabuni saa vizuri, fungeni paspoti ndani ya nguo, nanyi mkae kwa ubao ndani ya ile kanisa, kando kwa kando, wakati jua linapita katika vioo. Saa 16.00 mtasimama. Kulia mtalia kiwanjani, hata mkifika mapema namna gani. Lakini mtakuwa na kitu cha kukumbuka pamoja.

Na ninyi vijana, kazi ya kuonyesha mji ni kazi ya kweli. Inaomba lugha, historia na kushika saa. Tuwaachie ulizo la mwezi huu: mgeni akifika Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, na ana saa sita tu mbele ya ndege au treni, utamwonyesha mambo gani mawili, na utamwambia nini juu yake? Muulize kwanza babu au bibi yako, ndipo utuandikie. Majibu mazuri tutayachapa hapahapa.

Tuonane mwezi ujao. Mama wa Likasi, safari njema, na utuandikie ukisha kurudi.