Aliyemfuata Mwenzi Wake Ughaibuni Aonyeshwe Soko

Ndugu Waislamu, katika miji yetu ya pwani, kuanzia Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, si jambo geni ndoa kufungwa ilhali bwana harusi ana makazi yake ng'ambo. Hutimizwa mahari, husimama walii na mashahidi, huombwa dua, na baada ya miezi kadhaa ya kushughulikia viza bibi harusi husindikizwa uwanja wa ndege. Hapo jamaa huona kwamba amana imefika kwa mwenyewe na wajibu wao umekwisha.

Ukweli ni kuwa wajibu haujakwisha. Kuna swali ambalo halikuulizwa katika kikao cha posa, halikuulizwa na msikiti uliofungisha ndoa, na mara nyingi haliulizwi na msikiti unaompokea huko aendako. Swali lenyewe ni hili: mtu huyu atafanya kazi gani katika nchi ya watu, na nani atakayemwonyesha njia ya kuifikia? Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo ni sehemu ya amana ya ndoa, na kulinyamazia ni kumdhulumu anayesafiri.

KAZI SI ANASA

Tuchukue mfano wa Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wanaishi. Viza ya mwenzi wa ndoa, inapotolewa kwa mtu aliye nje ya nchi ile, huwa ya miezi 33. Humruhusu mwenye nayo kufanya kazi tangu siku anayoingia, lakini humzuia kupokea sehemu kubwa ya misaada inayotoka katika fedha za umma. Maana yake ni kwamba mgeni huyu, akikosa kazi, hana pa kuegemea isipokuwa kwa mwenzi wake.

Aidha, kuna sharti la kipato. Mwaka 2012 kiwango kilichowekwa kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka, na Aprili 2024 kikapandishwa hadi pauni 29,000 kwa waombaji wapya. Katika ombi la kwanza, mshahara anaoupata mwombaji Unguja au Mombasa hauhesabiwi. Kinachotazamwa ni kipato cha mwenyeji, au akiba kubwa ya fedha. Lakini ufikapo wakati wa kuongeza muda wa viza, mshahara ambao mgeni mwenyewe ameupata kwa halali nchini Uingereza hujumlishwa na wa mwenzi wake.

Sasa na tupige hesabu. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara nchini humo kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mtu akifanya kazi saa 37 na nusu kwa wiki, wiki zote 52 za mwaka, hupata takriban pauni 23,800 kabla ya kodi. Bado zinapungua pauni 5,200 kukifikia kiwango kile. Hivyo basi, mume aliyekuwa na kazi nzuri wakati wa ombi la kwanza, akaipoteza au akapunguziwa saa, anaweza kufikia siku ya kuongeza viza akiwa hatimizi sharti. Siku hiyo mshahara mdogo wa mkewe, ambao pengine watu waliudharau, unaweza kuwa ndio unaowazuia wasitenganishwe.

Jambo hili haliwahusu wanawake peke yao. Wauguzi wa Kenya wamekuwa wakienda Uingereza, na mwaka 2021 serikali mbili hizo zilitiliana saini makubaliano juu ya ajira zao. Kuanzia Machi 11, 2024 wahudumu wa matunzo ya wazee na wagonjwa walioomba viza upya walizuiwa kwenda na wenza na watoto wao, lakini katazo hilo halikuwagusa wauguzi. Kwa hiyo wapo waume wanaowafuata wake zao. Mwanamume aliyekuwa mwalimu au mhasibu kwao hujikuta anashinda nyumbani akingoja mke arudi zamu, huku nyuma yake watu wa kwao wakisema kwamba analelewa na mwanamke. Wengi hunyamaza kwa aibu, na aibu hiyo huzaa ugomvi ndani ya nyumba.

MADIAN NA MADINA

Anayedhani kuwa maneno haya ni mambo ya kidunia yasiyohusu msikiti, na arejee katika Sura Al-Qasas. Nabii Musa (a.s.) alifika Madian akiwa mgeni asiye na mali wala jamaa. Aliwanyweshea mifugo mabinti wawili, na mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, kwa sababu ni mwenye nguvu na mwaminifu. Mzee yule alipomtaka amwoe binti yake, alitaja katika kikao hicho hicho kazi ya miaka minane, au kumi kama Musa angependa kutimiza kwa hiari yake, na Allah akafanywa kuwa Shahidi wa makubaliano. Tazama jinsi ndoa, ugeni na kazi vilivyozungumzwa pamoja, kwa muda unaojulikana na bila kuficha. Wala haikuwa aibu kwa Nabii wa Allah kupata makazi na kazi kupitia nyumba ya mkewe.

Kisha na tutazame Madina. Mtume (s.a.w.) alipounga udugu baina ya Muhajirina na Ansari, Abdurrahman bin Auf aliunganishwa na Saad bin Rabii, ambaye alikuwa tayari kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqaa, akafanya biashara ya samli na jibini, na haukupita muda mrefu alikuwa ameoa kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende.

Wengi wetu husimulia kisa hiki kusifu ukarimu wa Saad na kujiheshimu kwa Abdurrahman. Ni sawa. Lakini tusisahau kwamba kuna aliyemwonyesha soko. Mgeni, hata awe hodari kiasi gani, haijui njia. Misikiti yetu ya ughaibuni imeshika nusu ya kwanza ya kisa: humlaki mgeni, humlisha, humwalika kwenye futari. Nusu ya pili imeachwa.

VIZUIZI VISIVYOONEKANA

Nini hasa kinachomkwamisha mgeni huyu? Mara nyingi si uvivu wala ukosefu wa elimu. Ni mambo madogo ambayo hakuna aliyemweleza.

Kwanza, ni uthibitisho wa haki ya kufanya kazi. Kadi za ukaazi zilizokuwa zikitolewa Uingereza zilifikia mwisho wa matumizi Desemba 2024, na mahali pake pakachukuliwa na viza ya kielektroniki. Mwenye viza hufungua akaunti katika mtandao wa serikali, na anapotaka kuajiriwa hutoa humo namba maalumu ambayo mwajiri huitumia kuhakikisha haki yake. Namba hiyo hudumu siku 90, kisha hutolewa nyingine. Akaunti hufunguliwa kwa simu na barua pepe. Ikiwa mume aliifungua kwa simu yake na barua pepe yake, hata kama alifanya hivyo kwa nia njema ya kusaidia, mke hawezi kuomba kazi hata moja bila kupitia mkononi mwa mumewe. Huyo amefungwa bila mlango kutiwa kufuli.

Pili, ni vyeti. Wengi huondoka na cheti cha ndoa pekee, vyeti vya masomo vikabaki sandukuni kwa wazazi. Uingereza kuna taasisi ya UK ENIC, iliyochukua nafasi ya UK NARIC mwaka 2021, ambayo kwa malipo hutoa tamko la kulinganisha vyeti vya nje na vya kwao. Muuguzi naye hawezi kufanya kazi ya uuguzi kabla ya kusajiliwa na baraza la wauguzi na wakunga, NMC, naye hutakiwa kuthibitisha Kiingereza chake, kufanya mtihani wa kompyuta na kisha mtihani wa vitendo. Njia hiyo ni ndefu, na aliyeanza kukusanya karatasi zake akiwa Tanga au Mombasa humtangulia mbali aliyeanza baada ya kufika.

Tatu, ni mambo ya kila siku. Kazi nyingi za kuwahudumia wazee majumbani huhitaji gari. Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya anaruhusiwa kuendesha huko kwa miezi 12 tu tangu alipoanza kuishi, kisha lazima apate leseni yao. Namba ya National Insurance nayo huombwa bure, na mtu mwenye haki ya kufanya kazi anaweza kuanza kazi kabla haijafika. Asiyejua haya huogopa, huchelewa, na wakati mwingine humlipa dalali kwa jambo lisilo na malipo.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kanuni ni moja kila mahali. Katika nchi za Ghuba, kwa mfano, viza ya kujiunga na familia peke yake kwa kawaida haimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa. Huhitaji kibali cha kazi. Ndiyo maana lazima iulizwe kanuni ya nchi ile ile anayokwenda mtu, kabla ya tiketi kukatwa.

WANAOPINGA

Wapo watakaosema kuwa mke kazi yake ni nyumbani, na kwamba nafaka ni juu ya mume. Kuhusu nafaka wamesema kweli, na wala haiondoki kwa sababu mke amepata mshahara. Lakini kama mke atabaki nyumbani, liwe ni jambo walilokubaliana wawili wao likiwa wazi tangu posa, lisiwe jambo analoligundua akiwa ameshavuka bahari. Na hata huyo aliyechagua nyumba anahitaji akaunti yake, vyeti vyake na lugha ya nchi. Mume hufa. Mume huugua. Talaka hutokea. Siku hiyo hakuna mjomba wala shangazi mtaa wa pili.

Aidha, Sura An-Nisaa, aya ya 32, imeweka wazi kwamba mwanamke ana fungu lake katika alichokichuma, kama mwanamume alivyo na lake. Zainab, mke wa Ibn Masud, aliuliza kama inamtosheleza kuwa sadaka anapomtolea mumewe na mayatima walio katika ulezi wake. Akajibiwa kuwa ana ujira mara mbili: wa ujamaa na wa sadaka. Lau mali ya mke ingekuwa haki ya mume, isingeitwa sadaka. Basi mume anayechukua kadi ya benki ya mkewe na kumpa nauli kama mtoto ajue kwamba anagusa mali ya mtu. Na ajue pia kuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2021 kuhusu ukatili wa majumbani imeutaja ukandamizaji wa kiuchumi kuwa ni aina ya ukatili.

Wengine watasema msikiti si ofisi ya ajira. Hakuna anayetaka uwe hivyo. Saad hakumpa Abdurrahman duka. Kilichohitajika kilikuwa kuonyeshwa njia.

NINI KIFANYIKE

Katika posa, walii asiishie kwenye mahari. Aulize mambo matatu: viza hiyo inaruhusu kazi au hairuhusu, wanandoa wamekubaliana nini kuhusu kazi na masomo, na nani atashika hati za msafiri. Jibu la swali la tatu ni moja tu: msafiri mwenyewe.

Kabla ya safari, wazazi wahakikishe kwamba mtoto wao anabeba vyeti vya masomo na matokeo yake, barua za waajiri wa zamani, cheti cha polisi kinachoonyesha kuwa hana rekodi ya uhalifu, na leseni ya udereva kama anayo. Afungue barua pepe yake mwenyewe, na neno la siri alijue yeye.

Msikiti unaopokea uchague watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, wanaoijua nchi na kazi zake. Wakae nusu saa baada ya Swala ya Ijumaa mara moja kwa mwezi. Wamsaidie mgeni kuandika wasifu wake wa kazi kwa namna ya nchi ile, wamwelekeze darasa la lugha, wamtahadharishe na madalali, na wamjulishe kazi za halali anazoweza kuanza nazo huku akiifuatilia taaluma yake. Hayo hayahitaji mchango wa fedha wala jengo jipya. Yanahitaji watu ambao wao wenyewe walifika wakiwa wageni na sasa wameshaijua njia.

Nao wanaume waliowafuata wake zao wapewe heshima ile ile na msaada ule ule, bila dhihaka. Anayemcheka amkumbuke Musa wa Madian.

Tunapowaombea maharusi mapenzi na huruma, tuwaombee pia riziki ya halali, kisha tuinuke tuwaonyeshe soko liliko. Allah (s.w.) atuwezeshe kutimiza amana hii. Amin.