Kasisi Hakuajiriwa Kuwa Mkristo kwa Niaba Yetu

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja la hapa Mombasa ambalo sitalitaja, kasisi alisimama baada ya matangazo akaomba watu wa kujitolea kuwatembelea wagonjwa, kufundisha watoto na kukaa na waliofiwa, na kabla hajarudi kitini pake, bwana mmoja wa makamo, mtu wa kujiweza na kuheshimika, aliyeketi safu ya mbele, alimgeukia jirani yake akasema kwa sauti iliyotufikia hata sisi tulio nyuma: “Sasa yeye tunamlipa wa nini? Sadaka tumetoa, fungu la kumi tumetoa, na kazi tufanye sisi?” Watu wakacheka. Kicheko kile kiliniudhi kuliko kauli yenyewe, kwa kuwa watu hawacheki namna ile ila wamesikia likitamkwa wazi jambo ambalo siku zote huliamini wakaona haya kulisema.

Imani hiyo, kwamba kanisa ni duka ambamo muumini hulipa na kasisi humhudumia, nasema ni batili, tena ni utovu wa shukrani kwa waliotutangulia. Maana lau kazi ya Mungu ingewangojea wenye daraja takatifu, pwani hii isingekuwa na kanisa hata moja la bwana yule kukaa safu ya mbele. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, mwenzake Rebmann akamfuata mwaka 1846, na mwaka huo wakafungua kituo chao Rabai. Lakini wazungu wawili, walioandamwa na homa kila mara, wangefika wapi peke yao? Walioibeba kazi ile miaka iliyofuata ni Waafrika waliokombolewa utumwani, wakalelewa Bara Hindi, huko Nasik upande wa Bombay, kisha wakarejea pwani: watu kama George David, aliyewaongoza Wakristo wa Rabai ilhali hana daraja lolote, na William Jones na Ishmael Semler, ambao ushemasi haukuwafikia mpaka mwaka 1885, kwa mkono wa Askofu Hannington, na wakati huo Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, ilikwisha timiza miaka kumi. Kabla ya kuwekewa mikono walikuwa wamekwisha fundisha, wamejenga, wamezika maiti, na kuishi pamoja na watoro wa mashambani waliokimbilia Rabai kutafuta hifadhi. Hakuna aliyewaambia wangoje kola shingoni.

Apolo Kivebulaya naye, alipotoka Toro, Uganda, mwaka 1896 akavuka kwenda Mboga, katika nchi ya Kongo, alikuwa mwalimu tu. Alipigwa, akafungwa, akarudi kule kule. Ushemasi ulimkuta mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Nauliza tena, na nitauliza mpaka nijibiwe: lau watu hawa wangesema kazi ni ya kasisi, leo sisi tungekuwa waumini wa kanisa gani? Hata Musa, aliyesema na Mungu, alikaa kutwa akiamua kesi za watu mpaka Yethro mkwewe akamwambia waziwazi kwamba atajimaliza, yeye na watu wake, na kwamba awateue wengine wauchukue mzigo pamoja naye. Basi sisi tumemtwika kasisi mmoja mzigo uliomshinda Musa, kisha twalalamika kuwa mahubiri yake yamepooza.

Nendeni mkaisome karatasi ya zamu iliyobandikwa mlangoni pa kanisa lile. Usafi wa madhabahu: jina la mama mmoja. Maua: mama yule yule. Darasa la watoto: yeye tena, na chini yake jina la msaidizi lililofutwa kwa kalamu nyekundu. Mama huyu ni mjane. Huamka saa tisa za usiku kukanda unga wa mahamri ayauzayo penye kituo cha matatu, na kila Jumapili hufunga meza yake ile saa ya wateja wengi ili awahi kuwafundisha wana wa mabwana wa safu ya mbele. Fungu la kumi hulitoa pia.

Watanijibu, kama wanijibuvyo kila mara, kwamba wao hawana karama. Haya, mtazameni huyo asiye na karama siku anapomwoza mwanawe. Ndani ya juma moja amekwisha unda kamati, ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ana orodha ya walioahidi mchango na huwapigia simu usiku waliochelewa. Anajua bei ya kukodi kila turubai na kila sufuria tangu Likoni hata Mtwapa. Mtu huyo huyo, akiombwa akae robo saa na mgonjwa wa mtaa wa pili, ghafla hana ulimi wala elimu ya dini. Kumpelekea bibi kizee uji kwahitaji karama gani? Kumsomea zaburi mtu aliyepofuka kwafundishwa chuo gani? Ni ajizi tu. Na pesa hazikosekani, maadamu kanisa lile lile limenunua vipaza sauti vinavyotutoboa masikio, ati ili neno lisikike, wakati wagonjwa wetu hawajasikia hodi ya mtu mlangoni tangu Pasaka.

Makasisi nao sitawasaza, kwa sababu aghalabu imani hii wao ndio huilea. Yuko kasisi ambaye ufunguo wa stoo haumtoki mfukoni, ambaye majina ya wagonjwa yamo kichwani mwake tu, ambaye hakubali sala ya matanga ifungwe na mzee wa kanisa naye yupo. Kisha husimama Jumapili akilia kwamba hana wasaidizi. Huyo na awakabidhi wazee daftari la wagonjwa, majina na nyumba, kila mtaa uchukue watu wake, naye avumilie kazi ikifanywa vibaya kwa miezi ya kwanza. Na yule mjane apewe wasaidizi watatu, wawili wao wanaume, wafike saa moja asubuhi na mifagio yao mkononi, kabla ya kengele ya kwanza.